Dalali Huhesabu Kinyumenyume

Nkt! Siku hizi hapa Matondoni, kisiwani Lamu, kila mwanamume aliyepata jiwe la kukalia na kikombe cha kahawa chungu ni mthamini wa ardhi. Leseni hana, utepe wa kupimia hana, ekari ina futi ngapi za mraba hajui. Lakini muulize ile ardhi ya kule kwenye minazi bei gani, atakujibu kabla hujamaliza swali. "Milioni tatu." Jirani yake anamtazama kwa huruma. "Tatu? Wewe wauza au watoa sadaka? Tano!" Wa tatu, ambaye hana hata pahala pa kufungia kuku, anaipandisha hadi kumi. Kahawa haijapoa, ardhi imeshapanda zaidi ya mara tatu, na mnunuzi hata mashua hajapanda.

Na kila mmoja ana ushahidi. Huyu ana binamu aliyefidiwa Kililana. Yule alibeba mizigo ya Mzungu Shela akasikia bei kwa masikio yake mawili. Mwengine ana shemeji aliyekuwa akingoja pesa za Kwasasi. Nami nasema, kwa heshima zote za kijiwe: habari hizo zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayohusu Matondoni.

Tuanze na Kililana, maana ndiyo inayotuharibu akili zaidi. Mradi wa bandari na reli wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012, wakaja Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, picha zikapigwa. Ardhi ya bandari ilipotakiwa, wenye mashamba ya Kililana na Mashunduwani wakafidiwa shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Basi! Tangu siku hiyo nambari hiyo imegoma kutoka vichwani. Mtu ana kichaka chake huku kisiwani, hakuna bandari, hakuna reli, hakuna hata gati la maana, naye akaza shingo: "Kililana wamepewa moya na nusu, mimi nikubali chini ya mbili?"

Ala! Aliyechukua Kililana ni serikali. Serikali ikitaka ardhi kwa lazima, hailali macho ikiwaza itamuuzia nani. Inatafuta bei ya soko, na kwa kanuni za 2017 inaongeza juu yake asilimia 15 kwa ajili ya kukusumbua. Anayekuja Matondoni kutaka ekari akate ploti hakulipi usumbufu hata thumni. Usumbufu ni wako, faida ni yake. Isitoshe, 2019 Bunge lilibadilisha sheria ya ardhi likaleta kielezo cha thamani, fidia za serikali zifuate kielezo hicho badala ya kufuata uvumi wa mradi. Kwa hiyo hata anayengoja Kililana ya pili, asiingoje kwa bei aliyojipangia mwenyewe.

Kwasasi je? Kule kulikotajwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, watu walianza kuzigawa pesa kabla hazijafika. Huyu ajenga, yule aongeza mke. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni ya mradi. Wengi wetu tulishangilia, na tulikuwa na haki, maana moshi ungetufika sote. Ila bei iliyokuwa ikitajwa kwa ajili ya mtambo, mtambo ulipokwama, nayo ikakwama. Thamani iliyoletwa na ahadi huondoka na ahadi.

Shela nako tusijidanganye. Shela ina ufuo wa mchanga kilomita kadhaa, ina matuta, ina nyumba za mawe walizonunua watu wa Ulaya wakazipaka chokaa upya, na wageni wanashuka kwenye boti wakiwa bado wana harufu ya sabuni ya hoteli. Mji wa kale wa Amu, yaani Lamu, uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Shela iko ubavuni mwake. Sisi tuna nini? Tuna mikoko, matope, mafundi wa majahazi, mikeka, punda na samaki wakavu. Kutoka Amu kuja huku kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi, jua likiwa na adabu. Mimi sibadilishani na Shela, lakini mnunuzi hanunui mapenzi yangu kwa kijiji changu. Ananunua kile atakachokipata hapa.

Na hapo ndipo fundi mmoja wa majahazi, tezo mkononi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alipotuzima sote. Alikuwa kimya muda mrefu. Akasema:

"Mtu akiya kwangu ataka mashua, haanzi kwa bei ya mbao. Aanza kwa bahari. Hini mashua itanipa nini kwa msimu? Kisha atoa misumari, atoa pamba ya kalafati, atoa tanga, atoa ujira wangu na wa vijana wangu, atoa na kitu cha kwake mwenyewe. Kilichobaki ndicho atakachomlipa mwenye mbao. Mwenye mbao aweza kulia mpaka magharibi, hapati zaidi ya kilichobaki."

Kijiwe kikanyamaza. Maana ndivyo hasa wathamini wenye leseni wanavyoithamini ardhi ya kuendeleza. Wana njia yao ya kwanza, ya kulinganisha: ekari kama hii iliuzwa bei gani karibuni, hapa hapa, si ng'ambo. Njia hiyo ni nzuri panapouzwa sana. Matondoni ardhi haiuzwi kila Ijumaa, na hata ikiuzwa, wangapi wameandika kwenye karatasi nusu ya bei waliyolipana ili kupunguza ushuru wa stempu? Ukilinganisha na karatasi za uongo utapata bei ya uongo. Ndipo mthamini anapogeukia njia ya fundi: anaanza mwisho, kwenye kile kitakachouzwa, anarudi nyuma akitoa kila gharama, na kinachosalia ndiyo thamani ya ardhi. Dalali anayenunua ekari akate ploti naye huhesabu hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba dalali haoneshi hesabu yake. Anakutajia jibu tu.

Basi siku ile tukamkamata dalali mmoja, si kwa nguvu, kwa kahawa na kashata, tukamwekea kipande cha boksi la biskuti na kalamu. "Andika," tukamwambia. "Chukua ekari moya ya mfano. Utapata nini na utatoa nini?" Akajikuna, akacheka, akaandika. Nambari zenyewe ni za mfano, mtu asiende nazo sokoni akaniletea ugomvi, lakini mpangilio wake ndio unaotumika.

Anakata ekari ploti nane. Kila ploti anauza laki nne. Zidisha: milioni 3.2. Hapo ndipo wengi wa kijiweni wanaposimama. Wakisikia tatu nukta mbili wanadhani ndiyo bei ya ekari. Dalali yeye ndiyo kwanza anaanza. Anatoa 300,000 za mpima ardhi, ramani, idhini za kaunti na hati nane. Anatoa 500,000 za kufyeka, kufungua njia, kuchimba kisima na kuweka tangi. Anatoa 160,000 za madalali wenzake, asilimia tano. Anatoa 350,000 za riba, kwa sababu pesa si zake na ploti nane hazitauzika kwa mwezi mmoja. Ameweka miaka miwili. Anatoa 800,000, robo ya mauzo yote, faida yake. Anatoa 40,000 za stempu na wakili. Jumla ya alivyotoa ni 2,150,000. Kilichobaki: 1,050,000.

"Hicho ndicho chako, mzee wangu," akasema, akaiweka kalamu chini kwa adabu.

Milioni moja na hamsini! Mzee aliyekuwa akisema tano akaomba maji.

Mimi kilichonikaa kooni si ile milioni moja. Tulimwambia dalali abadilishe nambari moja tu: soko limelegea, ploti iuzwe 360,000 badala ya laki nne. Bei imeshuka asilimia kumi. Akahesabu upya. Faida yake ikabaki robo ile ile ya mauzo, mpima ardhi akabaki na chake, benki ikabaki na chake. Ardhi ikateremka kutoka 1,050,000 hadi 826,000. Bei ya ploti imepungua sehemu moja ya kumi, mwenye ardhi amepunguzwa zaidi ya sehemu moja ya tano! Tukamwambia aweke gharama nyengine: kisima kimetoa maji ya chumvi, lazima maji yavutwe kutoka mbali, ongeza laki nne. Hizo zote zikatoka kwenye ardhi. Idhini ikichelewa mwaka mzima, riba ya mwaka huo nayo inatoka kwenye ardhi. Wote wanalipwa kwanza, mwenye ardhi analamba sufuria.

Sasa mtu aniambie kwa nini wauzaji wetu hawaulizi maswali. Dalali akisema njia na maji ni laki tano, umeziona risiti? Akisema robo nzima ni faida, robo ya nini, na kwa hatari gani, ikiwa amekulipa nusu tu na nusu amekuahidi baada ya kuuza ploti? Huyo hakukopa benki, amekukopa wewe, tena bila riba, halafu ile 350,000 ya riba bado ameitoa kwenye bei yako! Nkt, nkt, nkt.

Kuna na ule mchezo wa ploti za futi hamsini kwa mia. Kijana mmoja wa chuo, aliyekuja likizo, alipiga hesabu kwa kijiti mchangani. Ekari ni futi za mraba 43,560. Ikiwa ni mraba sawasawa, kila upande ni futi 208 na ushei. Pitisha njia ya futi 20 katikati, kila upande unabakiwa na kina cha futi 94. Kata vipande vinne huku na vinne huku: kila kimoja ni futi 52 kwa 94. Hamsini kwa mia iko wapi? Kwenye bango tu. Ukiweka njia ya futi 30, kina kinakuwa 89. Na shamba letu nani aliyeliona likiwa mraba? Mashamba ya hapa yana pembe kama ramani ya Pate, huku pameingia mbuyu, kule pameingia kaburi la babu. Kaburi halihamishwi wala haliuzwi. Huenda ekari yako ikatoa ploti saba, si nane, na ile ya nane iliyokosekana ni laki nne kamili zilizotoka kwenye hesabu.

Mvuvi mmoja akauliza swali la haki: "Ndia ya futi thelathini ya nini, na kisiwa chote magari ni ya kuhesabu kwa vidole? Punda ataka futi ngapi?" Tukacheka. Ni kweli, mtaa wa kale wa Amu una njia ambazo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi. Lakini mzee wa mtaa hakucheka. Akasema visiwa hivi vimeona moto wa makuti ukiruka paa hadi paa, na pale ndipo watu walipotamani njia ingekuwa pana. Basi njia si kupoteza ardhi. Tunachotaka ni kwamba upana wake uamuliwe na mpangaji wa kaunti kwa sababu iliyoelezwa, si na dalali kwa sababu aliona hivyo Mombasa.

Na mnunuzi wa ploti moja naye ana hesabu yake ya kinyumenyume. Yeye anajua nyumba inayojengwa Mokowe, kule bara, gari la sementi likisimama mlangoni, si sawa na nyumba hiyo hiyo Matondoni. Sementi inashuka lori, inapanda mashua, inashuka mashua, inapanda punda. Mawe yanakatwa Manda Maweni, nayo yanavuka bahari. Kila mkono unaoigusa unataka chake, na mfuko mmoja ukilowa njiani umekuwa jiwe. Boriti za mikoko tulizokuwa tukizitegemea, Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu, wakataji wetu wa mikoko wakakaa mikono kifuani. Gharama zote hizo mnunuzi anazijumlisha, kisha anampunguzia mwenye ploti, mwenye ploti anampunguzia mwenye ekari. Ukiona ujenzi umepanda, usishangilie kwamba ardhi nayo itapanda. Mara nyingi ujenzi ukipanda ndipo ardhi inaposhuka.

Haya, tuje kwenye karatasi, hapa ndipo bei za wengi wetu zinapokufa kabisa. Mtu anasema shamba langu lashuka mpaka baharini. Bahari ipi? Mikoko ya pwani hii ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Huwezi kuuza mikoko kwa kuwa babu yako aliegesha ngalawa pale. Na ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe, kanuni za upimaji hutaka ukanda usiopungua mita 60 uachwe juu ya alama ya maji kujaa. Toa mikoko, toa mita 60, kisha ndipo uanze kuhesabu ekari. Kuna watu "ekari mbili" zao zimo nusu majini.

Na hati je? Wakoloni walileta sheria mwaka 1908, watu wa pwani walete madai ya ardhi zao; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya Taji la Uingereza. Babu zetu wangapi walijua kuna karatasi ya kujaza? Walijua mpaka ni mwembe ule na mkwaju ule. Uhuru ukaja, ardhi ya Taji ikawa ya serikali, nasi tukawa wageni juu ya makaburi yetu wenyewe. Hilo ni donda, na siku moja lizungumzwe peke yake. Kwa hesabu ya leo maana yake ni hii: ardhi bila hati haiuzwi kama ardhi, inauzwa kama matumaini. Anayenunua matumaini hulipa kidogo, kwa sababu anajua huenda akalipa mara ya pili kwa mwengine.

Hati yenyewe nayo si hirizi. Tarehe 31 Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 hapa Lamu, ardhi iliyogawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Ekari nusu milioni! Sisi tunang'ang'ania hamsini kwa mia. Kwa hiyo kabla ya bei, fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina la nani limeandikwa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kuna idhini ya bodi ya ardhi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mke atie saini. Kuna wazee hapa wangependa kipengele hicho kisingekuwepo, nami nafurahi kwamba kipo. Mnunuzi akiwa si raia, Katiba, kifungu cha 65, inampa ukodishaji tu usiozidi miaka 99, na wale wanaowaazima wageni majina yao wajifiche nyuma yake, siku mapatano yakivunjika watajua wao na mahakama. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani na 4 mjini, analipa mnunuzi. Na tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya kuuza mali umepanda kutoka asilimia 5 hadi 15, analipa muuzaji. Kuna misamaha kwa mali ndogo, lakini aulizwe wakili, asiulizwe muuza kahawa.

Wakati wote huo, kwenye kizingiti cha nyumba ya pili kutoka kijiweni, palikuwa na mama mmoja mjane anasuka ukili wake wa miyaa. Sisi wanaume tulidhani yeye hasikii. Ekari tuliyokuwa tukiifanyia mfano ilikuwa inafanana sana na ekari aliyoiacha mumewe, na watoto wake tunawajua: wavulana watatu, wasichana wawili. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Na hiyo milioni moya, itagawiwa vipi?"

Maalim wetu akaweka kikombe chini, maana mirathi ni kazi yake. Mjane mwenye watoto ana thumni, sehemu moja ya nane: 131,250. Kinachobaki kinakatwa mafungu manane, kila mwana wa kiume mafungu mawili, kila binti fungu moja. Mwana wa kiume anapata 229,687 na senti. Binti anapata nusu yake, 114,843.

"Na ploti moya dalali atauza ngapi?"

"Laki nne, mama."

Mama akafyonza. Mfyonzo wa kike ule, mrefu, wa kumaliza mjadala. "Yaani mwanangu auze shamba la babake lote, kisha asiweze kununua hata kipande kimoya cha shamba hilo hilo?"

Subhanallah. Wanaume kumi na kalamu na boksi la biskuti, na swali hilo halikutujia. Mafungu mawili ya mwana wa kiume, kwenye ardhi iliyotoa ploti nane, hayatoshi kununua ploti moja. Mabinti wawili wakiweka pamoja mafungu yao yote hawafiki hata theluthi mbili ya bei ya ploti. Watapanga vyumba, watalipa kodi kwa mtu aliyejenga juu ya shamba la baba yao.

Hapo kijana wa chuo akaligeuza lile boksi, akaanza upande wa pili. Kazi ya dalali ni nini? Kupima na hati, laki tatu. Njia na maji, laki tano. Jumla laki nane. Laki nane ni bei ya ploti mbili. Familia ikikata yenyewe ploti nane, ikauza mbili kulipia kazi yote, inabakiwa na ploti sita. Mama mmoja, wana watatu, mabinti wawili: watu sita.

Dalali akaanza kukohoa. Si rahisi hivyo, akasema, na katika hilo nampa haki yake. Laki tatu za kupima na hati zinatakiwa kabla ploti yoyote haijauzwa, na ole wake atakayeuza kabla ya hati kutoka. Ploti mbili huenda zikakaa mwaka bila mnunuzi. Kisima huenda kikawa cha chumvi, na mara hii hasara haina wa kumsukumia. Maalim naye akaongeza: ploti sita sawa kwa sawa si mgawo wa sheria. Wana wa kiume wana zaidi, kwa hiyo ama ploti zikatwe kubwa na ndogo kulingana na mafungu, ama warithi wote wakiwa watu wazima waridhiane mbele ya kadhi, na binti asishinikizwe kusamehe chake kwa jina la kuridhiana. Na ugomvi wa ndugu, sote tunajua, umeua mashamba mengi kuliko ukame.

Lakini hesabu imesimama. Njia ya dalali: milioni moja na hamsini, imegawiwa, imekwisha kabla ya Idi. Njia ya familia: ploti sita ambazo kwa bei ya dalali mwenyewe ni milioni 2.4, tena zina hati, zina njia, zina maji. Tofauti ya milioni moja na zaidi ndiyo mshahara wa kuhangaika, kusubiri na kuhatarisha. Asiyeweza kuhangaika amlipe anayeweza, hakuna aibu. Wengine wana mgonjwa hospitalini au mtoto wa kulipiwa chuo, hawana miaka miwili ya kusubiri. Hao wauze, ila wauze wakijua wamelipa nini na kwa kazi gani. Wengine wanaweza kukodisha badala ya kuuza, au kuingia ubia wa kulipwa kwa ploti badala ya pesa, mradi wakili awe wao na si wa mnunuzi.

Mahakama Kuu, mwaka 2018, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyoipoteza kwa bandari. Bahari haina bikoni, haina hati, lakini ilithaminiwa, kwa sababu wavuvi walikwenda mahakamani wakakataa kupewa jibu bila swali. Ardhi tunayoikanyaga yatushinda?

Kwa hiyo ukijiwa na mtu, Mswahili mwenzako au mgeni, akakutajia bei ya ekari, usimpandishie kama kwenye mnada wa samaki. Mpe kalamu. Mwambie: andika utauza nini, ngapi, kwa nani, baada ya muda gani, na utatoa nini. Kila mstari muulize. Kisha mtafute mthamini aliyesajiliwa, umlipe wewe, akufanyie hesabu ile ile. Ada yake si kitu mbele ya mstari mmoja uliozidishwa. Mnunuzi akikataa kuandika, mwache aende zake, ardhi haiozi.

Dalali wetu aliondoka alasiri ile bila mkataba. Lile boksi la biskuti alitaka kulichukua, mama akalidai. Mwenye kahawa naye akadai chake: vikombe sita na kashata mbili, na hapo dalali hakuwa na la kupunguza.